Wahusika wakishakuwa majabari: uwatie jasho kwa njia ipi?

Kampeni ya Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kuamua mambo kwa dadu, ikidumu vya kutosha, hufika hapa. Watu waliokuwa wakitimua mbio mbele ya mbwa mwitu wawili sasa wako leveli ya 11 kati ya 20. Mpiganaji anashusha mapigo matatu kwa zamu moja, mchawi anamgeuza adui vumbi, kuhani anarudisha wafu, na lile zimwi ulilokesha ukiliandaa linaanguka kabla halijamaliza kutoa vitisho vyake. Wachezaji wanashangilia, wewe mwendesha mchezo, unayewaandalia maadui na hadithi, unatabasamu kwa adabu, na moyoni unajiuliza wiki ijayo utawaletea nini.

Ushauri haukosekani. Ongeza nguvu za adui. Ongeza idadi. Wanyime usingizi. Wapige penye udhaifu. Wape lengo jingine zaidi ya kuua. Wapunguzie silaha. Shida ni kwamba njia hizi hutajwa kwa pamoja kana kwamba ukichukua yoyote utafika kulekule. Hufiki. Kila moja inajibu aina yake ya nguvu, na baadhi zinaharibu mchezo kuliko tatizo lenyewe lilivyokuwa likiuharibu.

Kwa hiyo anza kwa kuiangalia meza yako. Kuna kundi linaloua haraka mno. Kuna kundi lisilokubali kupigana kabisa: linaruka juu ya mtego, linapenya ukuta, linajihamisha kwa uchawi hadi chumba cha mwisho. Na kuna kundi ambalo nje ya vita halishindwi na dadu yoyote, liwe linadanganya mlinzi au linanyata gizani. Kundi lako likiwa la aina ya pili na wewe ukaongeza mazimwi, utapata mazimwi mengi zaidi yanayorukwa.

Nitatumia kundi moja la mfano katika njia zote. Wahusika ni wanne, wote leveli ya 11 kwa kanuni za toleo la tano la 2014, ambalo ndilo ninalolichezesha. Mpiganaji amevaa deraya nzito na ngao, kinga yake ni 20 (namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ya pande 20 na nyongeza yake ili ampate) na ana pointi 103 za uhai, zikiisha anaanguka. Mchawi ana pointi 68. Wapo pia kuhani na mwizi. Pathfinder toleo la pili, la 2019, mchezo mwingine wa jamii hii, nitalitaja pale ambapo jibu linabadilika, na linabadilika zaidi ya watu wanavyodhani.

Adui mmoja mkali, au adui wengi dhaifu?

Hii ndiyo njia panda ya kwanza na wengi hukunjia kwa adui mmoja, kwa sababu joka moja lina mvuto kuliko goblini ishirini, vile vijizimwi vidogo. Haya, tulete joka jekundu lililokomaa: pointi 256 za uhai, kinga 19. Kwa hesabu ya kitabu cha mwendesha mchezo lina thamani ya pointi 18,000 za uzoefu, wakati pambano la hatari ya kufa kwa kundi letu linaanzia 14,400. Kwenye karatasi, wamekwisha.

Mezani mambo ni mengine. Kundi lina zamu nne kila raundi na joka lina moja. Mpiganaji akitumia ile nguvu yake ya kujiongezea hatua anapiga mara sita katika raundi ya kwanza, na kwa wastani anang'oa pointi 40 hivi peke yake. Watunzi wa mchezo waliliona hili, ndiyo maana joka limepewa hatua 3 za ziada kati ya zamu za wachezaji, na haki ya kukataa kushindwa na uchawi mara 3 kwa siku. Bila hizo, uchawi mmoja wa kulifukuza kwenye ulimwengu mwingine ungemaliza kazi.

Sasa unataka kulikoleza. Unaweza kuzidisha uhai wake au kuzidisha madhara yake, na hapa ndipo watu wanapojichomea nyumba. Ukizidisha uhai, ukalipeleka mpaka 546 za joka jekundu la kale bila kubadilisha kitu kingine, hujaongeza hatari hata chembe. Umeongeza raundi. Mapigo ni yaleyale, majibu ni yaleyale, ila sasa yanachukua saa mbili.

Ukizidisha madhara, angalia hesabu hii. Pumzi ya moto ya joka lililokomaa ni dadu 18 za pande 6, wastani 63. Mchawi wetu asipofanikiwa kujinusuru anabaki na pointi 5. Mpiganaji anabaki na 40. Chukua pumzi ya lile la kale, dadu 26, wastani 91: mchawi yuko chini, mpiganaji bado amesimama na pointi 12 na hasira zake. Maana yake, ukipandisha madhara mpaka yule unayemlenga atoke jasho, yule ambaye hukumlenga ameshalazwa. Na kwa kawaida anayekukosesha usingizi ni huyo mwenye deraya, aliyelazwa ni mwenzake ambaye hajafanya kosa lolote.

Upande wa pili, goblini ishirini. Kila mmoja ana pointi 7 za uhai na anaongeza 4 kwenye dadu yake ya kushambulia. Dhidi ya kinga 20 ya mpiganaji anahitaji 16 au zaidi, yaani mara moja katika nne. Ishirini wakimrushia mishale wote, mitano inapenya, jumla ya pointi 27 hivi kwa raundi. Hilo si dogo kwa viumbe ambao kundi liliacha kuwaogopa zamani. Ni matokeo ya uamuzi wa makusudi wa toleo la tano: kinga na dadu za kushambulia hazipandi sana kadiri leveli zinavyopanda, kwa hiyo mdogo hubaki na meno.

Lakini usiwapange uwanjani kama gwaride. Tufe la moto lina upana wa futi 20 kutoka katikati, linatoa wastani wa 28, na hata anayefanikiwa kuepa nusu yake anakula 14. Goblini wa pointi 7 hajali kama ameepa au hakuepa. Zamu moja ya mchawi na jeshi limekwisha. Wagawe wanne wanne, kundi moja juu ya paa, jingine nyuma ya mapipa, mengine ng'ambo ya mfereji. Goblini ana uwezo wa kurusha mshale kisha kujificha tena ndani ya zamu ileile. Sasa mchawi anatumia nafasi ya uchawi ya maana, ambazo kwa siku ana idadi maalumu tu, kuua wanne, na anabaki akijiuliza kama wapo wengine.

Wazo hili lina historia yake. Mwaka 1987 Roger Moore, aliyekuwa mhariri wa jarida la Dragon, alisimulia jinsi koboldi wa mwendesha mchezo mmoja walivyowatoa mbio wahusika wa leveli za juu. Koboldi ni viumbe wa chini kabisa kwenye mchezo. Hawakuongezewa pointi hata moja. Walikuwa na njia nyembamba, milango ya kufunga nyuma ya wageni, moto, na nidhamu. Mpaka leo ukiwataja kwa watu wanaochezesha, mtu atacheka kwa uchungu.

Kwenye Pathfinder toleo la pili geuza ushauri huu juu chini. Kule leveli ya mhusika inaingia moja kwa moja kwenye kinga na kwenye dadu zake, kwa hiyo kiumbe aliye leveli tano chini yako hakusumbui tena. Jedwali la bajeti ya mapambano lenyewe linaishia kwa aliye leveli nne chini, naye anahesabiwa pointi 10 tu. Kinyume chake, bosi mmoja aliye leveli nne juu ya kundi anakula pointi 160, ambayo ndiyo bajeti nzima ya pambano la hatari ya mwisho, na hesabu hiyo ni ya kuaminika. Kule bosi wa peke yake anatisha kweli: akipita kinga yako kwa 10, pigo linakuwa la maradufu, na kwa tofauti ile ya leveli analipita mara kwa mara. Gharama yake ni kwamba wachezaji wanakosa shabaha zamu baada ya zamu. Bosi wa leveli mbili juu akiwa na wasaidizi wawili dhaifu hutoa usiku mtamu zaidi.

Na kwa toleo la tano pia, ningechagua mchanganyiko huohuo kabla ya kuchagua upande wowote. Joka pamoja na waabudu wake sita waliojibanza kwenye nguzo linawalazimisha wachezaji wagawane kazi. Joka peke yake linawaambia wote wapige palepale.

Pambano moja kubwa, au siku ndefu?

Mchawi wa leveli ya 11 ana nafasi 16 za uchawi kwa siku, ukiacha zile chache anazoweza kuzirudisha akipumzika kidogo. Pambano la kawaida huisha ndani ya raundi nne hivi. Ukiweka pambano moja kwa siku, atatumia nafasi nne, na bila shaka atachagua nne za juu kabisa: ile moja ya daraja la sita, mbili za daraja la tano, moja ya nne. Kwa macho yako ni mchawi anayetupa maangamizi kila zamu. Ukiweka mapambano sita, zamu zake ni ishirini na nne na nafasi ni zilezile kumi na sita. Ghafla anarusha kijiuchawi kidogo kisicho na gharama na kuhesabu kwa kidole kilichobaki.

Kitabu cha 2014 kilikadiria kwamba kundi lingeweza kuhimili mapambano sita mpaka manane ya wastani au magumu kati ya mapumziko marefu mawili, yaani usingizi unaorudisha nafasi zote. Meza nyingi zinacheza moja au mawili. Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba wachawi wana nguvu mno inatokana na pengo hilo, na kabla hujafuta uchawi wowote ningekusihi ulizibe kwanza.

Ila siku ndefu ina adui zake. Mapambano sita kwa mikutano ya saa tatu tatu ni mwezi mzima wa kucheza siku moja ya hadithi, na nusu ya mapambano hayo huwa ni kujaza nafasi. Pia wachezaji si wajinga: wakichoka, wanafunga mlango, mchawi anasimamisha kile kibanda kidogo cha nguvu kinachodumu saa 8, wanalala humo mpaka asubuhi. Siku ndefu bila kitu kinachowakimbiza haipo, ni jina tu.

Njia nyepesi zaidi ni kubadilisha kanuni ya mapumziko yenyewe. Kitabu kina kanuni ya hiari ambapo mapumziko mafupi ni saa 8 na marefu ni siku 7. Hapo mapambano mawili kwa wiki ya hadithi yanakuwa na uzito, na hulazimiki kuweka goblini nyuma ya kila mlango. Inafaa sana kampeni za safari, siasa na upelelezi. Haifai mashimo ya chini ya ardhi ambako watu wanatarajia vyumba kumi kwa mpigo. Na ukitaka kuihamia katikati ya kampeni, iombe kwa wachezaji kwanza, maana unawagusa mchawi na kuhani kuliko mwizi, ambaye kwake kulala ni kulala tu.

Kwa kundi linaloua haraka mno, hii ndiyo dawa ninayoiamini zaidi kuliko bosi mwenye uhai wa kutisha.

Kuwapiga penye udhaifu

Kila mhusika ana ubavu ulio wazi. Kwenye toleo la tano, dadu za kujinusuru ambazo mhusika hana ujuzi nazo hazikui hata akifika leveli ya 20. Mpiganaji wetu mwenye akili ya wastani anajinusuru dhidi ya shambulio la akili kwa dadu tupu. Mlete mla-bongo, yule mwenye mikono ya pweza mdomoni, na mlipuko wake wa akili wenye ugumu wa 15: mara saba katika kumi mpiganaji anaduwaa, na anaweza kubaki ameduwaa dakika nzima ya mchezo.

Inafanya kazi. Hata mno. Dakika ya mchezo ni raundi kumi, na raundi kumi kwa saa ya ukutani zinaweza kula jioni yote. Mtu ametoka kwake kuja kucheza, na umemwambia akae aangalie wenzake. Mara moja kwa kipindi kirefu, sawa. Mara mbili mfululizo, anatoa simu, na ana haki.

Hapa pana mstari mwembamba kati ya adui mwenye akili na mwendesha mchezo mwenye kinyongo. Mchawi mkongwe aliyesikia sifa za kundi na kujiandaa kwa ajili yao ni jambo la haki kabisa. Jambazi wa barabarani ambaye kwa bahati ana dawa ya kila uchawi wa mchezaji mmoja, huyo ni wewe umevaa kofia. Wachezaji wanatambua.

Ukitaka udhaifu unaoacha nafasi ya kujitetea, soma namna beholda, zimwi la macho mengi, alivyoundwa. Jicho lake kubwa la katikati linafuta uchawi wote ulio mbele yake kwa umbali wa futi 150. Mchawi anajikuta mkono mtupu. Lakini ile miale ya vijicho vyake vidogo nayo ni uchawi, kwa hiyo ndani ya eneo hilohilo haiwezi kumdhuru mtu. Mpiganaji anayeling'amua hilo anakimbilia mbele ya jicho, ambako yuko salama na miale, huku mchawi akizunguka nyuma. Umewanyang'anya nguvu na papo hapo umewapa fumbo. Linganisha na chumba kilichofutwa uchawi kila pembe, kisicho na la kufanya. Maneno ya kanuni yanakaribiana, usiku unaopatikana ni tofauti kabisa.

Kubadilisha lengo la pambano

Nimefika kwenye njia ninayoipenda, na sitajifanya sina upande.

Wahusika wa leveli za juu wamejengwa kwa kazi moja: kushusha pointi za uhai za adui mpaka sifuri, upesi. Kila kipaji, kila upanga wenye nuru, kila uchawi umechaguliwa kwa ajili hiyo. Njia zote zilizotangulia zinapandisha bei ya kazi hiyohiyo. Ukibadilisha lengo, unawauliza jambo jingine.

Chukua daraja la mbao juu ya korongo. Upande wa pili kuna mateka kumi na wawili, watu wa kawaida wenye pointi 4 za uhai kila mmoja na kinga 10. Daraja limewashwa moto na litaanguka mwisho wa raundi ya tano. Adui ni askari wanane wa kawaida tu na kamanda mmoja. Kundi letu lingewafagia hao kwa raundi mbili bila kuamka vizuri. Lakini tufe la moto sasa haliwezekani, kwa sababu askari wamesimama katikati ya mateka. Mpiganaji anapiga mara tatu kwa zamu, ila hawezi kubeba watu watatu kwa zamu. Mwizi anaweza kukimbia mbali kuliko wote, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi ni yeye anayeangaliwa. Kuhani ana uchawi wa uponyaji, lakini mtu wa pointi 4 akipigwa hakuna cha kuponya polepole. Kila raundi kuna swali la kweli: tuue, tubebe, au tuzime moto?

Hakuna aliyepunguziwa nguvu hapo. Mchawi bado ana nafasi zake 16. Akisimamisha ukuta wa barafu kuzuia moto, mpe raundi mbili zaidi, amezistahili. Uzuri wa njia hii ni kwamba nguvu kubwa inabaki kuwa kubwa na inapendeza kuitumia, ila haitoshi peke yake.

Malengo ya namna hii hayahitaji ubunifu mwingi. Kafara itakayokamilika raundi ya nne. Shahidi anayetakiwa kufika akiwa hai. Mlango unaotakiwa kubaki wazi mpaka wenzao watoke. Adui anayekimbia na barua, na ambaye hana nia ya kupigana hata kidogo. Kitu cha kuangalia ni saa. Kama hakuna saa inayotembea, wataua wote kwanza kisha watashughulikia lengo kwa raha zao, na umerudi ulikotoka. Tangaza saa hiyo waziwazi. Weka dadu kubwa mezani inayoonyesha 5, kisha 4, kisha 3. Watu wanaoiona ikipungua hubadilisha namna ya kukaa kwenye viti.

Kasoro zake? Inataka maandalizi zaidi kuliko kufungua ukurasa wa joka. Ukiitumia kila pambano, inachosha. Mpiganaji aliyejengwa kwa ajili ya kupiga anahitaji pia usiku wa kupiga tu. Na kundi linalojihamisha kwa uchawi linaweza kuipiga chenga: wakiweza kuwatoa mateka wote kwa uchawi mmoja, pambano limekwisha. Wakifanya hivyo, waache. Wamelipa nafasi ya juu kabisa kwa ajili yake.

Kwa kundi lile la pili, lisilokubali kupigana, lengo na saa ndivyo vinavyofaa, na nguvu za adui hazisaidii chochote. Mfano mzuri ni Tarrasque, zimwi lenye pointi 676, kinga 25, na kiwango cha juu kabisa cha hatari kwenye kitabu, 30. Katika toleo la 2014 halina mabawa na halina shambulio la mbali. Kundi linaloruka likikaa nje ya ufikio wa mkia wake haliguswi. Ukiliweka jangwani ni mzaha. Likiwa linatembea kuelekea mji na lina raundi ishirini kabla ya kufika, kuruka kwao hakuwasaidii tena kuepa swali.

Maswali ambayo dadu haijibu

Kwa kundi la tatu, lile lisiloshindwa nje ya vita, usipandishe ugumu. Mwizi wa leveli ya 11 ana kipaji kinachofanya dadu yoyote ya ujuzi wake iliyotoka chini ya 10 ihesabiwe kuwa 10. Kwenye kunyata, akiwa na wepesi wa juu na ujuzi maradufu, hawezi kupata chini ya 23. Ukiweka walinzi wanaohitaji 28 umefuta leveli kumi na moja za kazi yake kwa kalamu. Mruhusu aingie. Kisha akute chumbani kwamba yule aliyetumwa kumwibia ndiye anayelisha nusu ya wakimbizi wa mji, na pande zote mbili zina hoja. Hapo hakuna cha kurusha.

Njia hii ni rahisi kuandaa na haijali leveli. Inawafaa wachezaji wanaopenda kuzungumza. Wanaokuja kwa ajili ya panga watapiga miayo, na huwezi kuwalaumu.

Kuwapunguzia nguvu

Hii ninaiweka mwisho na nitaimaliza haraka. Kuna mara inastahili: umegawa kitu cha kichawi kupita kiasi leveli ya 3 na sasa mhusika mmoja amewaacha wenzake mbali. Zungumza naye nje ya mchezo, mkubaliane kitu kingine cha kubadilishana. Kumwibia usiku kwa mkono wa jambazi asiyeonekana ni kumaliza ugomvi wa watu wazima kwa kujificha nyuma ya hadithi. Kama tofauti ni kati ya mhusika mmoja na wenzake, hakuna joka wala daraja litakaloitibu, mazungumzo tu.

Njia ya kikatili zaidi, mtego unaoua bila dadu, nayo ina ukoo mrefu. Gary Gygax, mmoja wa watunzi wawili wa mchezo pamoja na Dave Arneson, aliandaa kaburi la mitego kwa mashindano ya Origins mwaka 1975, likachapishwa 1978, akiwalenga wachezaji waliojiona hawashindiki. Kwa usiku mmoja wa mashindano, kwa wahusika ambao hakuna aliyewalea kwa miaka, ni burudani. Kwa kampeni ya miaka miwili sikushauri.

Kifo kinapokuwa gharama tu

Jambo moja hubadilisha uzito wa njia zote hizi: kuhani. Kuanzia leveli ya 5 anaweza kumrudisha aliyekufa ndani ya dakika moja kwa almasi ya dhahabu 300. Kuanzia ya 9, aliyekufa ndani ya siku 10, kwa almasi ya 500. Kundi lenye hazina ya joka halihofii kifo kwa maana ya kawaida. Basi ukichagua bosi mkali kwa lengo la kuwatia hofu ya kufa, umechagua silaha iliyokwisha makali.

Wengine hufuta uchawi huo. Mimi ningeangalia almasi. Kanuni inasema jiwe linateketea kila linapotumika, na haisemi popote kwamba kila mji una muuza almasi. Kundi likiwa na mawe mawili tu mfukoni na safari ya wiki tatu mbele, kuhani ataanza kuuliza maswali kabla mpiganaji hajaruka kwenye korongo. Na mateka wa pointi 4 aliyeungua darajani naye ni maiti ya dakika moja iliyopita. Almasi ni ileile, na wachezaji watakugeukia kukuuliza kama inawezekana kuitumia kwake. Jibu ni ndiyo.